Mkono wa sufuria kambini

Msikilizaji, juma hili naomba tuzungumze jambo la jikoni, ila jiko lenyewe ni la kambini: pale sufuria inapokaa juu ya mafiga au jiko dogo la gesi, mpishi amechuchumaa, na vijana kumi wenye njaa wanamzunguka na sahani zao.

Sufuria zetu za nyumbani hazina mikono. Tumezoea kuziepua kwa vitambaa viwili au vipande vya boksi, na mama zetu wameifanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi. Za kambini ni nyingine. Zina mkono mwembamba wa kukunja, wa waya au bati, ili zienee ndani ya shanta. Mkono huo ukipitiwa na ulimi wa moto, asiyejua hushika, hushtuka, huachia. Lita mbili za maji yanayochemka haziishii chini. Humwangukia aliyechuchumaa mapajani.

Basi watu hutafuta cha kuuvika. Nimeona mikono iliyozungushiwa kamba ya nailoni, tyubu ya baiskeli, hata ile tepu nyeusi ya mafundi umeme. Ikiwa baridi, inashikika vizuri kabisa. Lakini tepu nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kuhimili nyuzi joto 80 hivi, na maji ya chai yanafika 100. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzi 220 au 260, kutegemea aina yake. Ulimi wa gesi umepita hapo mbali sana. Nayo ikiyeyuka kiganjani haipanguswi, hubandika ikaendelea kuunguza. Tyubu huwaka, na moshi wake unaingia kwenye uji. Mwenye kamba ya zamani ya asbesto naye asijisifu kwamba yake haiungui: vumbi lake likivutwa na pumzi huleta saratani ya mapafu.

Kinachofaa ni mpira wa silikoni wa vyombo vya jikoni, unaohimili nyuzi 200 na zaidi, mradi usiguswe na moto wenyewe. Mimi napendelea koleo la sufuria, lile la kubana ukingo kisha kuondolewa. Halikai motoni, hivyo halihitaji kuvikwa kitu. Tatizo lake ni kupotea gizani.

Kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne nacho kinatosha, ila kiwe kikavu. Wengi hukilowesha wakidhani maji yatapoza. Kumbe kinachokinga mkono ni hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa.

Wapanda mlima husema maji ya Kibo hayaunguzi. Ni kweli kwamba kwenye mita 4,700 maji huchemka yakiwa nyuzi 85 hivi. Lakini nyuzi 70 tu zinatosha kuiharibu ngozi kwa sekunde moja.

Akiungua mtu, dawa ya meno, asali na mafuta ya kupikia vikae mbali. Vueni pete na saa mapema, mmwagie maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Nailoni iliyoganda kwenye ngozi msiibandue, mpelekeni hospitali. Nanyi mnaopeleka watoto wa shule kambini, kagueni sufuria kabla gari halijaondoka. Mkikuta mkono umefungwa nailoni au tepu, ikateni hapo hapo.