Bima ya Mkopo wa Nyumba Humlinda Nani?



Jambo nililoombwa kulieleza leo ni lile ambalo vijana wetu walioko Kanada hulikuta katika mikataba ya nyumba zao, na wengine hulitilia saini pasipo kulifahamu, nalo ni bima ya mkopo wa nyumba. Mtu akisikia neno bima hudhani mara moja kwamba mwenye kuilipa ndiye anayekingwa. Hapa dhana hiyo si sahihi. Bima hii humkinga mkopeshaji, na mkopaji ndiye anayeilipia.

Sheria ya huko yasema kwamba mnunuzi akitoa kianzio kilicho chini ya asilimia 20 ya bei, benki zinazosimamiwa na serikali kuu haziruhusiwi kumkopesha bila bima. Kwa nyumba isiyozidi dola 500,000, kianzio cha chini kabisa ni asilimia 5. Basi chukueni nyumba ya dola 400,000. Kijana ametoa dola 20,000, akiba yake ya miaka mingi, naye anakopa 380,000. Ada ya bima kwa kiwango hicho ni asilimia 4 ya mkopo, yaani dola 15,200. Kwa kuwa kwa kawaida hana fedha hizo mkononi, ada huongezwa juu ya mkopo, deni likawa 395,200, na riba hutozwa juu ya jumla hiyo yote. Akiwa Ontario, kuna na kodi ya asilimia 8 juu ya ada, dola 1,216, ambayo sharti ailipe taslimu.

Sasa tazameni. Aliyetoa dola 20,000 jana, leo akilinganisha thamani ya nyumba na deni lake, kilicho chake ni dola 4,800 tu. Bei za nyumba zikishuka kwa asilimia 2, deni limekwisha kuipita nyumba.

Na akishindwa kulipa, nyumba ikauzwa kwa hasara, bima humfidia mkopeshaji. Deni la mkopaji halifutiki kwa hilo, kwani shirika la bima laweza kumfuata na kumdai kilichopungua. Ipo bima nyingine, ya maisha, inayolipa deni pale mkopaji anapofariki. Hiyo ni mbali kabisa, na kuzichanganya mbili hizi kwaweza kumgharimu mjane nyumba yake.

Mtauliza, kama ni hivyo, kwa nini iliwekwa? Haki yake nayo isemwe. Shirika la serikali la mikopo na nyumba, CMHC, liliundwa mwaka 1946, askari walipokuwa wanarudi kutoka vitani na nyumba hazitoshi. Mwaka 1954 sheria ikaanzisha bima hii, na benki za biashara zikaruhusiwa kutoa mikopo ya nyumba iliyokatiwa bima. Mkopeshaji alipoondolewa hofu, familia zisizo na urithi wala akiba kubwa zilifunguliwa mlango. Hata leo mwenye mkopo wa bima mara nyingi hupewa riba nafuu kuliko mwenye kianzio kikubwa asiye na bima, jambo la kushangaza kidogo, lakini sababu yake ni kwamba benki haina cha kupoteza.

Hapo ndipo penye hatari. Asiye na cha kupoteza huacha kuchunguza. Serikali ndiyo iliyosimama nyuma ya CMHC kikamilifu, na nyuma ya makampuni binafsi ya bima kwa asilimia 90, hivyo hasara kubwa ingewaangukia walipa kodi, hata wapangaji wasio na nyumba. Mwaka 2006 iliruhusiwa mikopo ya miaka 40, hata bila kianzio chochote. Oktoba 2008, baada ya kuona yaliyoifika Marekani, milango hiyo ilifungwa. Mwaka 2012 muda ulishushwa hadi miaka 25. Desemba 2024 ukarudishwa hadi miaka 30 kwa wanaonunua nyumba ya kwanza, na bei ya juu ya nyumba inayoweza kukatiwa bima ikapandishwa kutoka dola milioni 1 hadi milioni 1.5. Kwa maoni yangu, kuwaongezea watu uwezo wa kukopa pasipo kujenga nyumba zaidi ni kumnufaisha muuzaji.

Ama suala la riba, sikuja kutoa fatwa. Mkopo huu ni wa riba, na bima haiubadilishi. Lakini kumbukeni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Sura Al-Baqarah, inahusu kuandikiana deni. Basi anayetia saini asichokisoma amejidhulumu kabla hajadhulumiwa na benki.

Kijana mmoja aliniandikia akiuliza kama asubiri hadi afikishe asilimia 20. Nilimwambia apige hesabu mbili: kodi ya pango atakayolipa akingoja, na ada pamoja na riba yake akinunua sasa, kisha ajiulize, kazi ikikatika miezi sita, ni hesabu ipi itakayomwacha na paa juu ya watoto. Alinijibu baada ya wiki tatu. Amepanga vyumba viwili, na anaendelea kuweka akiba.