Nyumba ya Kuwatengeneza Vijana



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya nyumba ya kuwaweka kwa muda vijana waliopotoka.

Mwaka 1959 mjini Nairobi, mabwana watatu, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha Starehe kwa vibanda viwili vya bati, wakapokea watoto wasio na makao. Leo ni shule kubwa. Basi twaona ya kuwa majengo ya fahari si sharti.

Masharti ni haya. Kwanza, msimamizi alale humo humo, ajue jina la kila kijana na kisa chake. Pili, kila saa iwe na kazi yake: kufagia, kulima, kusoma, kucheza mpira. Tatu, adhabu isitolewe kwa hasira.

La nne ni juu yenu. Nyumba hii ni ya muda tu. Akitoka, kijana arudi kijijini kwenu. Nilipata kumwona mmoja aliyerudi kwao amekwisha jifunza useremala vema. Kuku wa jirani akapotea, watu wote wakamtazama yeye. Juma la pili akaenda zake, asirudi tena. Baadaye kuku alionekana kichakani, analalia mayai.

Basi kabla kijana hajatoka, jumbe na wazee wake na waende kumtazama, wamtengenezee kazi na mahali pa kulala. Udongo uwahi ungali maji. Lakini hata chungu kilichofinyangwa vema, kikipigwa teke huvunjika.