Hotuba ya Kikundi cha Baiskeli: Kutoka Rusizi Hadi Rubavu

(Ilisomwa mbele ya mkutano wa Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni)



Tumepewa nafasi tueleze habari za safari yetu ya mwezi wa Julai. Tunajua wengi wenu mmekuja na swali moja: baada ya ajali ya Aprili, bado mnakwenda? Tutalijibu. Ila kwanza tuseme ni safari gani, maana kwenye foleni ya maji yamesemwa mengi.

Njia yenyewe ndiyo ile iitwayo Congo Nile Trail. Ina urefu wa kilomita 227, kutoka hapa kupitia Nyamasheke, Karongi na Rutsiro hadi Rubavu, na sehemu kubwa ni njia ya udongo inayopanda na kushuka kando ya Ziwa Kivu. Wageni wanaokuja na baiskeli za milimani huipita kwa siku tano hivi. Sisi tumejipangia siku nne. Mwaka 2020 washindani wa Tour du Rwanda walitoka Rusizi wakafika Rubavu kwa siku moja, zaidi ya kilomita 200, lakini wao walipita lami, tena kwa baiskeli ambazo mtu huinua kwa mkono mmoja. Zetu mnazifahamu. Tuko kumi na mmoja, na baiskeli zenye gia ni tatu tu, za kuazima. Zilizobaki ndizo zile zinazobeba abiria na magunia ya mkaa.

Wazo lilianza Septemba 2025, Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Tuliyatazama kwenye simu, watu kumi simu moja. Mazoezi yalianza Februari. Jumanne na Alhamisi alfajiri kabla ya kazi, na Jumamosi safari ndefu: kwanza kilomita 20, kisha 30, hadi Mei tukafika 60. Jumapili baada ya ibada tulitoka tena, hata kama ni kilomita 15, kwa sababu siku ya kwanza kila mtu ni hodari. Miguu ya siku ya pili ndiyo inayosema kweli.

Shule yetu ilikuwa Bugarama. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Bugarama karibu mita 950, basi mtu akirudi kutoka huko anapanda zaidi ya mita 500. Ni kule kushuka kunakoupa mto Ruzizi nguvu ya kuendesha mitambo ya umeme; sisi tulikuwa tukienda kinyume chake. Hapa lazima tukiri kosa. Miezi ya mwanzo baadhi yetu tulijishikiza nyuma ya malori ya saruji ili yatuvute. Tuliona ni ujanja. Sasa anayefanya hivyo anatoka katika kikundi, na wawili wamekwisha kutoka.

Ajali haikutokana na lori. Ilikuwa mteremko, mvua inanyesha, na raba za breki za mwenzetu zilikuwa zimelika. Raba ikiloa haishiki mara moja, na iliyolika haishiki kabisa. Alivunjika mtulinga, huu mfupa wa begani, akakaa miezi miwili bila kazi. Mke wake alisimama katika mkutano wa kamati akatuuliza nani atalisha watoto. Hatukuwa na jibu siku ile.

Jibu lilipatikana juma lililofuata. Baiskeli yake tuliitengeneza, tukaifanyia kazi ya abiria kwa zamu, na mapato yote yakapelekwa nyumbani kwake. Tusijisifu: mara mbili fedha zilichelewa, na tuligombana. Lakini hazikukatika mpaka alipopona.

Tangu hapo kila Ijumaa tunapindua baiskeli zote, tunakagua raba, nyaya za breki, spoki na mnyororo. Kwenye mteremko tunaachana mita ishirini, tunakaa nyuma ya kiti, tunatumia breki zote mbili na kuziachia kidogo kidogo zisipate moto. Aliye wa mwisho ndiye anayepanga mwendo. Mwanzoni vijana wenye mapafu walilalamika sana.

Kuhusu chakula, mgao tunaujua sote. Tumechanga kununua karanga, ndizi na sambaza wakavu. Maji ya safari tunatengeneza kama waganga walivyotufundisha kwa ajili ya kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Dawa ya kipindupindu imekuwa kinywaji cha wanamichezo.

Baadhi ya wazee wameuliza kwa nini tuna wasichana watatu. Tunawajibu kwa heshima kwamba huko Tokyo mwaka 2021, katika timu ya Olimpiki ya wakimbizi, alikuwamo Masomah Ali Zada kutoka Afghanistan, naye aliendesha baiskeli. Na mmoja wa hao watatu ndiye anayetuacha sote kwenye kupanda.

Wengine wanauliza tutashinda nini. Hakuna zawadi. Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake sita mwaka 1994, aliendesha baiskeli ya milimani kwa niaba ya Rwanda katika Olimpiki ya London mwaka 2012, akamaliza wa 39. Alimaliza.

Kuna jambo moja zaidi. Tukifika juu ya vilima tunapumzika, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Kutoka hapa hata Bukavu inaonekana. Wengi wetu tuliingia nchi hii kwa miguu, usiku, bila kujua tuendako. Mwenzetu mmoja hukaa ameupa mgongo upande ule mpaka tuondoke. Hatumwulizi. Ameomba awe miongoni mwa watakaofika Rubavu, ingawa ziwa litakuwa kushoto kwake karibu njia nzima.

Basi jibu letu: tunakwenda, Kamati ikituruhusu. Mwenzetu aliyeumia atakwenda pia. Mganga amemruhusu, na mke wake amekubali baada ya kuzikagua breki yeye mwenyewe.

Tunaomba mambo mawili. Kamati itutilie sahihi barua ya safari kabla ya mwisho wa mwezi. Na mwenye pampu nzima au mipira ya ndani ya ziada atuazime. Tutarudisha, na iliyotoboka tutarudisha na kiraka.