Askari wa Damu na Kansa ya Mlango wa Kizazi
(Mazungumzo yaliyosemwa mbele ya wachuma chai, Chepseon)



Tumesikia wengine wakinong'ona kwamba habari ya leo ni ya wanawake peke yao. Sivyo. Katika Kenya kansa hii huua wanawake wengi kuliko kansa nyingine yo yote, na wengi wao wangali na nguvu za kuchuma.

Kwa kawaida huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo watu wazima walio wengi huvipata wakati fulani. Mbona basi hatuugui sote? Ni kwa sababu damu yetu ina askari, yaani chembe nyeupe. Chembe ya mwili iliyoingiwa na virusi huonyesha nje vipande vyake. Askari huvitambua kuwa ni vya mgeni, nao huiua. Wanawake wengi huponywa hivyo katika miaka miwili bila ya kujua. Mwenye virusi vya Ukimwi amepungukiwa na askari, ndiyo maana hatari yake ni kama mara sita. Tena uvimbe una ujanja: huweza kutoa alama ya kuwatuliza askari. Mwaka 1992, huko Kyoto, Japani, Tasuku Honjo na wenzake walitangaza kitu kilicho juu ya askari hao, ambacho baadaye kilijulikana kuwa ndicho kipokeacho alama hiyo. Leo iko dawa ya kukiziba, ila bei yake si ya mchuma chai.

Sasa tufike kwenye lililotuleta. Ziko aina chache zisizoonekana mara nyingi, na moja hufanana na tezi za tumbo la chakula. Hiyo haitokani na HPV, kwa hiyo haina vipande vya virusi vya kuwaonyesha askari. Chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 1919 + 100, yaani 2019, haiizuii. Kipimo cha HPV hakiioni. Siki anayopaka muuguzi nayo huweza kuikosa, maana hujificha ndani, jicho lisipofika.

Msitusikie vibaya: wasichana wachanjwe, na akina mama wapimwe, kwani aina iliyo nyingi huzuiwa hivyo. Lakini mama aliyeambiwa "huna kitu", naye anatokwa na maji mengi ya utelezi, au damu baada ya kulala na mume, asirudi shambani akanyamaza. Aombe kipande kikatwe, kitazamwe kwa hadubini, na aina ya ugonjwa iandikwe kwenye karatasi yake. Dawa huchaguliwa kwa aina.

Hapo ndipo shauri la chama linapoanza. Siku ya hospitali haina kilo kwenye mizani, na majibu ya kipande hayatoki siku ile ile. Kuna safari ya pili, pengine ya tatu. Mama mwenye watoto wanne hupiga hesabu hiyo kwanza. Tunataka siku hizo zilipwe. Akina baba, katika mkutano kura zenu ni nyingi kuliko zao, tutazihesabu Jumamosi.