Tuipime Shule kwa Mtoto wa Mwisho: Ubora wa Ekofo za Umma Mjini Bujumbura

Mada iliyotolewa mbele ya wakurugenzi wa shule, walimu na kamati za wazazi, Bujumbura



Kila likizo kubwa inapokaribia kwisha, swali moja huzunguka mitaani kwetu, kuanzia Kamenge hadi Kanyosha: ekofo ipi, yaani shule ya msingi ipi, ni nzuri? Mzazi anayeuliza ana haki ya kujibiwa, na kwa kawaida hujibiwa kwa asilimia ya waliofaulu konkuru, yaani mtihani wa kitaifa wa darasa la tisa. Iliyofaulisha wengi ni nzuri, iliyofaulisha wachache ni mbovu, mazungumzo yamekwisha. Nimesimama mbele yenu kusema kwamba kipimo hicho kinatupotosha, na wanaoumia ni watoto walewale ambao shule ya umma ipo kwa ajili yao.

Tutazame asilimia hiyo inavyopatikana. Tangu sheria ya Septemba 2013, elimu ya msingi kwetu ni miaka tisa, na konkuru iko mwisho kabisa wa safari hiyo. Wanaoketi kuifanya ni waliosalia. Aliyeacha shule darasa la tatu hayumo. Aliyerudishwa darasa la tano mara mbili, akachoka, akaenda kufanya biashara ndogondogo sokoni, hayumo. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ya kwanza ilipokea watoto 200 darasa la kwanza. 40 wakafika konkuru, 36 wakafaulu. Hiyo ni asilimia 90. Shule ya pili ilipokea 200 vilevile. 120 wakafika, 84 wakafaulu. Hiyo ni asilimia 70. Mtaani tutaisifu ya kwanza na kuipigia foleni ya kuandikisha watoto, ilhali ya pili imefaulisha watoto zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Mkurugenzi anayebanwa kwa asilimia ana njia mbili: kufundisha vizuri, au kuwachuja watoto mapema. Ya pili ni nyepesi, haihitaji chaki wala vitabu. Kwa miaka mingi Burundi imekuwa miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi mno hurudia darasa, na sisi wazazi tumelizoea jambo hilo hadi tunaliona kama tabia ya mtoto, si dalili ya shule. Mtoto mmoja akirudia, tumuulize mtoto. Darasa zima likirudia kwa wingi mwaka hadi mwaka, wa kuulizwa ni shule.

Majirani zetu wamekwisha kuona hatari ya orodha za shule bora. Kenya, mwaka 2014, waziri wa elimu Jacob Kaimenyi alipiga marufuku kuzipanga shule kwa nafasi kufuatana na matokeo ya mitihani. Tanzania, Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Wapo waliolalamika kwamba mzazi amenyimwa habari, na malalamiko hayo yana uzito: kuficha namba peke yake hakumsaidii mtu. Mzazi akinyang'anywa kipimo kibovu apewe kizuri, la sivyo atabaki na uvumi.

Kizuri ni kipi? Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya jambo hili. Mwaka 1966 nchini Marekani ilitoka ripoti iliyoongozwa na James Coleman, ikaonyesha kwamba tofauti za alama za watoto zinatokana zaidi na nyumba walizotoka kuliko shule walizosoma. Wengi waliipokea kama hukumu kwamba shule haibadilishi kitu. Stephen Heyneman, aliyekuwa amechunguza shule za msingi za Uganda, aliona picha nyingine, na mwaka 1983 yeye na William Loxley wakachapisha utafiti wa nchi 29: kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo shule na walimu wanavyokuwa na nguvu zaidi juu ya anachojifunza mtoto. Matokeo hayo yamejadiliwa sana baadaye, lakini kwa hali yetu nayaona ni ya kweli kabisa. Mtoto wa Rohero ambaye baba yake ana rafu ya vitabu na mama yake anamsomesha jioni atajua kusoma hata shule ikilala. Mtoto wa Buterere ambaye mama yake anatoka alfajiri na vikapu vya mboga hana mwalimu mwingine isipokuwa huyo wa shuleni. Kwa hiyo mtoto wa Rohero hawezi kutuonyesha ubora wa shule. Wa Buterere anaweza.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo: shule ya umma ipimwe kwa mtoto asiye na msaada nyumbani, na ipimwe mapema, darasa la pili na darasa la tano, siyo la tisa.

Darasa la pili, kwa sababu hapo ndipo kusoma kunashika au kunakataa. Nchi yetu ina la kujivunia hapa, ingawa hatulisemi. Mwaka 2014 mpango wa upimaji wa elimu uitwao PASEC ulipima watoto wa nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Katika madarasa ya mwanzo, watoto wa Burundi waliongoza katika lugha na katika hesabu. Karibu 8 kati ya 10 walivuka kiwango cha kutosha katika lugha. Walipimwa kwa Kirundi, lugha waliyofundishiwa, wakati wenzao wa nchi nyingi walipimwa kwa Kifaransa ambacho nyumbani hawakisikii. Madarasa yetu yalikuwa na msongamano uleule tunaoujua tangu Agosti 2005, serikali ilipofuta karo ya shule ya msingi na watoto wakamiminika kuliko madawati. Walimu wetu hawakuwa na mishahara minono. Lakini mtoto alielewa anachoambiwa, na hilo likafidia mengi.

Darasa la tano ni kizingiti kingine, na hapo ndipo watoto wengi wanapojikwaa. Hadi la nne somo linafundishwa kwa Kirundi. Kuanzia la tano, hesabu, sayansi na jiografia zinageuka Kifaransa. Katika upimaji uleule wa 2014, mwisho wa shule ya msingi, watoto wa Burundi waliendelea kuongoza katika hesabu, lakini katika kusoma Kifaransa waliovuka kiwango walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono darasa la nne anakaa kimya darasa la tano. Mwalimu anamwita mzito, mzazi anaambiwa mtoto arudie. Ukitaka kuijua ekofo yoyote ya mji huu, ingia darasa la tano mwezi wa Novemba, uhesabu watoto wanaosema neno kwa sauti yao wenyewe, siyo wale wanaoitikia kwa pamoja kumfuata mwalimu. Mwalimu hodari wa darasa hilo hueleza dhana kwa lugha ambayo mtoto anaijua, kisha humpa maneno ya Kifaransa kidogo kidogo, akayarudia hadi yakae. Mwalimu wa aina hiyo ana thamani kuliko paa jipya.

Naomba mniruhusu nikae kidogo Buyenzi, kwa sababu suala la lugha lina sura ya peke yake huko na vipimo vya kitaifa havilioni. Tunaambiwa, na kwa sehemu kubwa ya nchi ni kweli, kwamba Warundi wote wana lugha moja ya nyumbani. Vilimani ndivyo ilivyo. Lakini kwenye mitaa ya Buyenzi, na kwa kiasi fulani Bwiza, mtoto anaamka kwa Kiswahili. Kirundi anakijua, atakisema barabarani bila shida. Ila hadithi za bibi, mahesabu ya dukani na makaripio ya mama amevisikia kwa Kiswahili. Wengi wao huenda madrasa pia, wakajifunza herufi za Kiarabu kabla ya kushika kalamu ya shule. Mtoto huyo akifika darasa la tano, Kifaransa ni lugha yake ya tatu, si ya pili.

Sasa mkaguzi akija na ukurasa wa Kirundi, akamkuta anasitasita, ataandika kwamba shule ni dhaifu. Afanye jambo moja zaidi: amwambie mtoto asimulie alichosoma, kwa lugha yoyote. Nimewasikia watoto wanaosoma Kirundi kwa kukwama, kisha wakaeleza kwa Kiswahili kisa chote bila kuacha kitu. Watoto hao wamefundishwa kusoma, na shule yao imefanya kazi. Nimewasikia na wengine wanaotiririka kama maji, ukiwauliza kisa kinahusu nani, wanakutazama. Hao wamefundishwa kukariri.

Kiswahili nacho kimepata nafasi kama somo katika shule ya msingi pamoja na Kiingereza. Huko Buyenzi hutokea mwalimu aliyetoka vilimani anafundisha Kiswahili watoto wanaokisema kumzidi. Yupo anayeona aibu na kulipitia somo harakaharaka. Yupo pia anayewapa watoto nafasi wasimulie, yeye akawaonyesha namna ya kuandika, na kipindi kikawa chenye uhai kuliko vyote vya siku. Wote wawili wanafundisha kwa programu moja na kitabu kimoja. Tofauti hiyo ndiyo ubora ninaouzungumzia, na haionekani katika konkuru.

Majengo nitayapita upesi. Madarasa mengi ya nchi hii yalijengwa kwa nguvu za wananchi katika kazi za pamoja za Jumamosi, na tunastahili kuyaheshimu. Paa lisivuje, ukuta usipasuke, wasichana wakubwa wawe na choo chenye mlango unaofungika na maji ya kunawa. Hili la choo halina mjadala. Shule inayolikosa inawapoteza wasichana kila mwezi. Zaidi ya hapo, ukuta uliopakwa rangi usitupumbaze.

Saa za masomo ni jambo zito zaidi. Shule nyingi za mji zinafundisha kwa zamu, kundi la asubuhi na kundi la mchana, darasa moja likibeba watoto 80 hata 100. Zamu ni fupi tayari. Mvua ikinyesha na Buterere au Kinama kukajaa maji, watoto hawafiki. Mafuta yakikosekana na mabasi yakapotea, mwalimu anayekaa mbali anatembea, anafika robo ya zamu imekwisha. Simlaumu mtu anayetembea kilomita nyingi kwa mshahara mdogo. Nasema tu kwamba dakika ikipotea kwenye zamu hairudi, na mkurugenzi mzuri ni yule mwenye mpango wa dakika hizo: nani anashika darasa mwenzake akichelewa, watoto wanafanya nini wakati huo, na somo lililokosekana linafidiwa siku gani. Mwulizeni. Akiwa na jibu la papo hapo, mko kwenye mikono salama.

Madaftari pia husema kweli. Usiombe la mtoto wa kwanza. Hilo litaletwa bila kuombwa. Omba la anayekaa nyuma karibu na mlango. Tazama tarehe ya mwisho mwalimu aliposahihisha. Tazama kama kosa la Oktoba bado lipo Januari. Kisha fungua kitabu cha mahudhurio, ulinganishe majina ya Septemba na ya Aprili, uulize waliopotea wako wapi. Mkurugenzi anayejua kwamba huyu amehamia Gatumba, yule anauguza mama yake, yule ametumwa kazini na nimekwenda kuongea na shangazi yake, anaongoza shule. Anayekujibu kwamba wameacha tu, anaongoza jengo.

Kupima haya hakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Huko Kenya, Tanzania na Uganda, mpango wa Uwezo, uliochukua mfano wake India, ulituma watu wa kawaida nyumba kwa nyumba na karatasi chache: herufi, maneno, aya, hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na hesabu ndogondogo. Mtoto alisoma hadi alipofikia. Mpimaji aliandika. Wazazi wengi walishangaa kukuta watoto wa madarasa ya juu wanashindwa hadithi hiyo, na mshangao huo ulizaa mijadala ambayo hakuna orodha ya shule bora iliyowahi kuizaa.

Ombi langu kwa kamati za wazazi za mji huu ni hili. Kabla ya muhula wa kwanza kwisha, mkubaliane na mkurugenzi na walimu wenu, mkae na kila mtoto wa darasa la pili na wa tano kwa dakika chache, ukurasa mmoja mkononi, mkianza na wanaokaa nyuma. Wa Buyenzi wasikilizwe kwa Kiswahili pia. Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa wazazi kwa idadi, bila kutaja jina la mtoto na bila kumwaibisha mwalimu, pamoja na idadi ya waliorudia na ya waliotoweka tangu Septemba. Muhula wa tatu mrudie kipimo hichohicho kwa watoto haohao. Wakurugenzi wasiwafungie mlango, na wakuu wa elimu wa tarafa wapewe nakala.