Mipira ya Gari la Zamani: Chagua Inayodumu

Leo tunazungumza na wenye magari ya zamani, hasa Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Bodi unaweza kuitunza, lakini mpira huchoka mapema. Jua, joto na gesi ya ozoni iliyo hewani huukausha na kuupasua, hata gari likiwa limeegeshwa tu.

Kwanza, usivutiwe na spea halisi iliyokaa dukani miaka 30 ndani ya boksi lake. Mpira huzeeka hata kabla ya kutumika. Ukunje kidogo: ukiona nyufa, uache.

Pili, jua kazi ya kila mpira. Mipira ya milango na vioo, na paipu za rejeta, iwe ya EPDM, aina ya mpira inayostahimili jua na maji ya moto. Lakini EPDM huvimba ikiguswa na oili au petroli. Kwa hiyo sili za injini zinahitaji mpira wa nitraili. Nitraili nayo haifai kwa mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4.

Tatu, bushi za poliurethini hudumu, ila ni ngumu zaidi, na mtetemo wa barabara utauhisi ndani ya gari.

Unapokwenda dukani, beba kipande cha zamani ulinganishe umbo na vipimo, kisha uliza kipya kimetengenezwa kwa mpira gani. Muuzaji asipojua, nenda kwingine. Na paipu ya breki iliyopasuka au kuvimba ibadilishwe leo, kabla ya safari nyingine.