Picha Kwanza, Sindano Baadaye
Maneno ya Kamati ya Afya mbele ya mkutano wa wanachama



Mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo hatukulijibu sawasawa. Mzee wetu mmoja, ambaye ameturuhusu tueleze habari zake bila kumtaja jina, amepimwa damu, na daktari amemwandikia aende mjini akapigwe picha ya MRI ya tezi dume. Ameomba Mfuko wa Kusaidiana umchangie. Mwenzetu mmoja akasimama akasema: "Damu imeshaonyesha kansa, sasa picha ya nini? Si wamchome sindano tu yaishe?" Leo tunajibu.

Kwanza, damu haikuonyesha kansa. Tezi dume ni tezi ndogo ya mwanamume, iko chini ya kibofu cha mkojo. Hutoa kitu kiitwacho PSA, na hicho ndicho kinachopimwa katika damu. Kikizidi, huenda ni kansa, lakini huenda ni tezi kukua kwa uzee, au ugonjwa wa njia ya mkojo. Kipimo hiki ni kama mbwa anayebweka usiku: nje kuna jambo, ila hawezi kutuambia kama ni mwizi au ni jirani.

Pili, hiyo sindano. Kwa desturi ya zamani, mtu ambaye PSA yake imezidi alichomwa mara 10 au 12 kupitia njia ya haja kubwa, ili vinyama vidogo vikachunguzwe. Daktari hakujua kansa imejificha upande gani. Wengine walitoka damu, wengine walipata homa ya wadudu, na pengine kansa yenyewe ilikoswa.

Hapo ndo picha inapoingia. MRI haitumii eksirei. Ni sumaku kubwa mno, mfano wa pipa, na mgonjwa hulazwa ndani yake, atulie tuli ingawa inapiga kelele. Sumaku hupanga chembe zilizomo katika maji ya mwili, mawimbi ya redio huzitikisa, nazo hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Penye kansa, chembe hai za mwili husongamana kama abiria kwenye basi la siku ya gulio, na maji hayatembei kwa urahisi. Hapo huonekana doa. Daktari hulipa alama, 1 mpaka 5. Likipata 1 au 2, mara nyingi mtu huachwa bila sindano, akawa anaangaliwa. Likipata 4 au 5, sindano huelekezwa pale pale penye doa.

Jambo hili limepimwa. Uingereza, matokeo ya mwaka 2017 kwa wanaume 576 yalionyesha kwamba, kati ya kila 100 wenye kansa ya hatari, picha iliwashuku 93, na sindano ya zamani iliwapata 48 tu. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya wanaume 500 katika nchi 11. Kwa waliopigwa picha kwanza, kansa ya hatari ilipatikana kwa 38 katika kila 100. Kwa waliochomwa moja kwa moja, 26. Na 28 katika kila 100 waliopigwa picha hawakuhitaji kuchomwa kabisa.

Lakini jamani, tusidanganyane. Picha hushuku tu, haithibitishi. Wengi wenye doa hukutwa hawana kansa. Kinyama kilichochunguzwa ndicho kinachotoa hukumu. Kwa hiyo asitokee mtu akakataa sindano kwa sababu hospitali aliyofika haina mashine hiyo.

Tena, anayekwenda avue kila chuma: pete, saa, hata hirizi yenye bati. Mwenye kifaa cha moyo mwilini, au fundi wa kuchomelea ambaye chembe ya chuma iliwahi kumwingia jichoni, aseme mapema. Sumaku haina mchezo.

Akina baba, mficha maradhi kifo humuumbua. Kansa hii ikianza mara nyingi haiumi wala haizuii mkojo. Aliyefika miaka 50, au 45 ikiwa baba au ndugu yake aliugua, akamwulize daktari habari za kipimo cha damu. Akina mama, wasukumeni bila kuwacheka.

Kamati inapendekeza kila mwanachama akatwe thamani ya kilo 1 ya kahawa katika malipo yajayo, ili mzee wetu aende na arudi. Akikutwa hana doa, asiwepo wa kusema fedha imepotea. Tutakuwa tumemwepusha na sindano asiyoihitaji. Akikutwa nalo, tutakuwa tumewahi.

Uliyesoma, msomee na jirani.

Kamati ya Afya